Kompyuta ya Tutafika

Jamhuri ya Tangulia iko mbali sana na huku kwetu, na msomaji asijihangaishe kuitafuta kwa majirani. Ni nchi yenye bahati. Mvua isiponyesha, Waziri wa Mvua hutangaza kwamba ya mwaka ujao itawahi. Daraja likianguka, huzinduliwa upya kama kivuko. Wananchi wake wamejifunza kupiga makofi mapema, kwani anayechelewa huulizwa alikuwa anafikiria nini.

Katika nchi hiyo alikuwako mwalimu wa hesabu, Sefania Mtweve, wa Shule ya Msingi Tutafika. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye chaki kwenye mikunjo ya vidole hata siku za Jumapili. Hesabu aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Kilichomsumbua ni kwamba wanafunzi wake waliikariri kama kasuku. Ukiwauliza saba mara nane, wanajibu kabla hujafunga mdomo. Ukiwauliza nyumba saba, kila moja ikila mikate minane, itatakiwa mikate mingapi, wanakutazama kana kwamba umewatukania mama zao.

Basi siku Waziri wa Elimu, Fikra na Vifaa, Mheshimiwa Profesa Faustini Makuka, aliporejea kutoka mkutano wa ng'ambo na kutangaza redioni kwamba somo la hesabu limefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Fikra za Kompyuta, huenda Mtweve ndiye mtu pekee nchini aliyefurahi kwa dhati.

"Kompyuta," alisema Waziri, "haichoki, haisinzii, haiulizi kwa nini. Ikipewa hatua, inafuata hatua. Ndugu wananchi, hebu vuteni picha ya taifa zima la namna hiyo!"

Wananchi wakavuta picha, wakapiga makofi.

Kijitabu cha mwongozo kilipofika Tutafika, Mtweve alikisoma mpaka kikaanza kuchanika. Alikuta mambo ya maana humo. Tatizo kubwa livunjwe vipande vidogo. Tafuta kinachojirudia. Weka kando yasiyohusika. Panga hatua ambazo hata mtu asiyekujua anaweza kuzifuata akafika. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatamani miaka yote. Kilichokosekana ni kompyuta zenyewe. Zilikuwa zimenunuliwa, hilo halina ubishi, ila zilikaa katika ofisi za wakubwa zikiwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na juu yake kumewekwa maua ya plastiki. Na hata zingeletwa Tutafika, umeme haukuwako. Nguzo zilifikishwa wakati wa kampeni, zikasimamishwa, zikapigwa picha, na kura zilipokwisha zikang'olewa zikapelekwa jimbo jingine.

Wizara haikukosa jibu. Waraka ulisema: shule isiyo na kompyuta, iwe kompyuta.

Wakuu wa shule wengi waliusoma waraka huo wakautundika ukutani. Mtweve aliuchukua akaenda nao uwanjani.

Aliwapa watoto saba vibao vya mbao, akawapanga mstari mmoja. Wa kwanza kulia kibao chake kilikuwa na thamani ya moja, anayefuata mbili, kisha nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, na wa mwisho kushoto sitini na nne. Anayenyanyua kibao juu ya kichwa, thamani yake inahesabiwa. Anayekishikilia kifuani, huyo ni sifuri. Ukijumlisha vilivyo juu, umepata namba. Wakati wa kutoa jibu, wa kushoto ndiye anayeanza. Nyuma yao akapanga shule nzima, safu kwa safu, kila mtoto akiwatazama wenzake wawili tu na kufuata kanuni moja fupi ya kunyanyua au kushusha. Namba zikaingizwa kwa watoto wa nyuma kabisa, zikasogea safu hadi safu kama upepo unavyopita kwenye mtama, na jibu likatokea mstari wa mbele.

Mara ya kwanza jibu lilikuwa la ovyo, wakacheka hadi wakaketi chini. Mtoto mmoja, Tulizo Sanga, hakucheka. Alipita katikati ya safu akiwauliza wenzake mmoja mmoja, "Wewe ulimtazama nani?" mpaka akampata aliyekuwa akimtazama ndege. Wakarudia. Jibu likawa sawasawa, na kelele za furaha zikawatoa walimu wengine ofisini.

"Mwalimu," Tulizo akauliza baadaye, "mmoja akikosea, kompyuta itajuaje?"

"Haitajua."

"Basi haina akili. Akili tunazo sisi."

Mtweve alicheka, akamweka kwenye sitini na nne, kibao kizito kuliko vyote kwa thamani, kwa sababu Tulizo hakuwa mtu wa kutazama ndege. Alikuwa binti pekee wa fundi cherehani wa pale senta, mama mmoja mkimya ambaye watu walimwita Mama Tulizo kana kwamba hakuwahi kuwa na jina jingine.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini Tangulia si nchi inayoacha jambo jema lijikalie lenyewe.

Mkaguzi Mkuu wa Fikra, Bwana Rwegoshora, alikuja kukagua vyoo akaikuta kompyuta. Alisimama akiitazama, kalamu mdomoni, na kabla wiki haijakwisha Tutafika ilikuwa Kompyuta ya Taifa. Geti likapakwa rangi. Watoto wakaacha kuitwa wanafunzi wakaitwa vifaa, jambo ambalo wazazi waliambiwa ni kupandishwa cheo. Masomo mengine yakasimamishwa, kwani kifaa hakisomi jiografia. Kuugua nako kukapigwa marufuku: kifaa hakiugui, kifaa huharibika, na kuharibika bila kibali ni hujuma.

Mtweve alinung'unika kidogo, tena kwa adabu. Alijiambia kwamba watoto walau wanafikiri.

Kompyuta ikapewa kazi yake ya kwanza. Siku ya Sherehe ya Mafanikio, mbele ya Waziri na umati, ingekokotoa katika kila wanafunzi mia wa Tangulia ni wangapi walioanguka mtihani wa mwisho. Matokeo ya wilaya zote yaliletwa kwa magunia. Matokeo kama hayo hayakuwahi kujumlishwa na mtu yeyote tangu nchi ipate uhuru, kwa hiyo hakuna aliyeona hatari ya kuyatoa.

Katika mazoezi ya mwisho jibu lilitokea safi. Tulizo wa sitini na nne alinyanyua, na mwenye kibao cha thamani ya nne alinyanyua. Wengine vibao kifuani. Mtweve alikwenda mbio ofisini kwa Mkaguzi kama mtu anayepeleka habari za uzazi.

"Mzee, imetoa jibu!"

"Nne?" aliuliza Rwegoshora.

"Sitini na nane."

Rwegoshora akainuka akafunga mlango. "Mwalimu, hotuba ya Waziri imeshachapwa. Katika kila mia wanaoanguka ni wanne. Wewe umetuundia mashine ya kupinga hotuba?"

"Haipingi, mzee. Inajumlisha."

"Ni kifaa gani kinacholeta maneno?"

Mtweve alijibu kabla hajafikiri, kama wale watoto wa saba mara nane. "Ukiondoa ile sitini na nne, inabaki nne."

Uso wa Mkaguzi ukakunjuka. "Unaona? Mtoto mmoja tu. Mwambie asinyanyue, basi. Nani amekuomba uibomoe shule? Taifa zima linasubiri mkono wa mtoto mmoja ukae chini, na wewe unanitolea macho."

Mtweve alimkuta Tulizo uwanjani, akiwaonyesha wadogo namna ya kubana viwiko ili mikono isichoke. Alikuwa na maneno ya Mkaguzi mdomoni. Alimtazama yule mtoto, akayameza.

"Kesho fuata kanuni," alimwambia. "Kanuni ikisema nyanyua, nyanyua. Usishushe mpaka mimi nikuambie."

"Hata mikono ikichoka?"

"Usishushe mpaka nikuambie."

Alikwenda zake akijiona amefanya jambo la kiume.

Asubuhi ya sherehe, Mama Tulizo alikuja na binti yake akiwa amemshika mkono. "Mwalimu, mtoto ana homa. Leo ameamka mwili unawaka. Naomba nirudi naye."

Rwegoshora alikuwa karibu, akasikia. "Mama, Kompyuta ya Taifa haiwezi kuwashwa ikiwa na kiungo pungufu. Unataka kuizima nchi?"

Mama akageuka. Alikuwa akimtazama Mtweve.

"Itakuwa shughuli fupi, mama," alisema Mtweve. "Nitamwangalia."

Basi mama akauachia mkono.

Waziri alitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Jua likapanda, likakaa utosini, na safu za watoto zikawa zimesimama kwenye vumbi bila maji, maana Rwegoshora alisoma mahali fulani kwamba kompyuta ikiingiwa na maji inakufa. Magari yalipowasili, honi zikapigwa, bendi ikapiga, na Waziri akahutubia kwa urefu uliolingana na cheo chake. Alipofika pale pa wanafunzi wanne katika kila mia, alitua, akafuta jasho kwa leso nyeupe.

"Lakini msiniamini mimi," alisema, akatabasamu. "Iulizeni kompyuta!"

Rwegoshora akashika kipaza sauti. Kompyuta ikawashwa. Safu ya nyuma ikanyanyua vibao na kushusha, ikafuata ya mbele yake, na ya mbele yake. Lilikuwa jambo la kupendeza kwelikweli, na hata walinzi walisahau kukunja nyuso. Kisha mstari wa mbele ukatoa jibu lake: kibao chenye thamani ya nne juu, na pale mwisho kushoto, mbele kabisa ya jukwaa, kibao cha Tulizo juu.

Mkaguzi alilisoma moyoni. Alimgeukia Mtweve, Mtweve akatazama viatu vyake.

"Mheshimiwa," Rwegoshora alitangaza, "kompyuta bado inafikiri."

Kwa hiyo wakaiacha ifikiri. Bendi ikapiga wimbo, ikapiga mwingine. Waziri aliletewa soda ya baridi. Mkaguzi alimsogelea Mtweve akamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Mwambie ashushe."

Mtweve hakusema neno. Msomaji asimwonee, alikuwa na hoja zake. Alijiambia kwamba watu wote wale wana macho, watajumlisha wenyewe. Alijiambia Mkaguzi atachoka kwanza. Mikono ya Tulizo ilikuwa imeanza kutetemeka, na kibao kilitetemeka nayo. Mtoto aligeuza macho bila kugeuza kichwa, akamtafuta mwalimu wake, akamwona. Mtweve aliliona jicho lile. Neno lilikuwa moja tu, shusha, na lilikuwa limeshafika kooni. Lakini kulitamka ilikuwa ni kumpa Mkaguzi alichotaka, na yeye siku hiyo alikuwa shujaa.

Tulizo alianguka kifudifudi. Kibao kilimtangulia.

"Nne!" alipaza sauti Rwegoshora. "Mheshimiwa, kompyuta inasema nne!"

Makofi yalilipuka. Waziri aliinuka na kupunga leso. Bendi, ambayo haikuona vizuri kutoka ilipokuwa, ikapiga wimbo wa taifa, na kwa kuwa ulikuwa wimbo wa taifa kila mtu alisimama wima pale alipo. Muuguzi aliyevuka kamba alirudishwa na mlinzi. "Mashine inawaka," alimwambia. "Huwezi kuigusa mashine inayowaka." Mama mmoja peke yake, kutoka upande wa wazazi, alikuwa akikimbia katikati ya wimbo.

Mtweve alimbeba mtoto pamoja naye. Walipata pikapu ya muuza mkaa. Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msafara wa Mheshimiwa, na askari aliyesimama pale hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba ikipita gari la mwisho wataruhusiwa. Magari yalikuwa mengi. Lilipopita la mwisho, Mama Tulizo alimwambia dereva hakuna haja ya kukimbia tena.

Iliundwa Tume. Nchi ya Tangulia haina mchezo na tume. Ilikaa, ikala, ikatoa taarifa: katika siku husika kompyuta ilipata hitilafu ndogo, ikajirekebisha yenyewe na kutoa jibu sahihi. Waziri alifurahia sana neno "kujirekebisha" akalitia katika sera. Mtweve akapewa nishani. Mkaguzi ndiye aliyemvika kifuani, akimnong'oneza kwamba tofauti zao zimekwisha.

Kwenye matanga alikaa nje na wanaume, nishani mfukoni. Mama Tulizo alipita na ndoo, akasimama mbele yake.

"Ulisema utamwangalia."

"Ndiyo, mama."

"Na kweli ulimwangalia," alisema. "Nilikuona. Ulimwangalia mpaka mwisho."

Akaenda zake na ndoo.

Haikupita muda ikaja amri kwamba Mtukufu Mlezi wa Fikra Zote, yaani Rais, angefika Tutafika na wageni kutoka nchi ambazo zilikuwa bado zinatumia kompyuta za umeme. Nafasi iliyo wazi ijazwe. Mtweve aliwakusanya watoto uwanjani, na kwa mara ya kwanza hakuwapa hatua. Aliwaambia yote: jibu lilikuwa nini, nani alitaka libadilike, na nani alinyamaza.

"Mimi ndiye niliyemwambia asishushe," alisema. "Mmenisikia?"

Walimsikia. Wengine walianza kulia, wengine wakamtazama kwa macho ambayo aliona anayastahili.

Ezra Mponzi, wa thelathini na mbili, aliyekuwa akisimama ubavuni kwa Tulizo, ndiye aliyeuliza. "Sasa nani atasimama pale?"

"Nyie mnaonaje?"

Hawakuwa wamezoea swali la namna hiyo. Kisha wakaanza kubishana, wakalivunja tatizo vipande, wakakubaliana. Mtweve hakuchangia kitu.

Siku ilipofika, Mtukufu aliketi chini ya mwamvuli na wageni wake. Safu zikatenda kazi yake, nyuma hadi mbele, bila kosa hata moja. Zilipofika mstari wa mwisho zikasimama. Watoto sita walikuwa wameshika vibao vyao chini, ubavuni, si juu wala kifuani. Kushoto kwao palikuwa na nafasi tupu na kibao kimelazwa kwenye vumbi.

"Kompyuta inafikiri," alitangaza Rwegoshora.

Ikafikiri. Wageni wakaanza kutazamana. Rwegoshora alimwinamia Ezra, akasahau kwamba kipaza sauti kinasikika. "Nyanyua, mbwa wewe! Mnasubiri nini?"

"Tunamsubiri Tulizo, mzee. Kanuni inasema aanze wa kushoto."

"Hayupo! Kama hayupo ni sifuri!"

"Sifuri ina mtu, mzee," Ezra alisema, na sauti yake ilifika hadi kwenye paa za maduka. "Anaishika kifuani. Hapo hamna mtu."

Mtukufu alikunja uso na kuuliza kwa nini mtu mzima asisimame pale wakamaliza. Lilikuwa wazo la hekima, kama mawazo yake yote. Akamtazama Waziri. Waziri akakumbuka kwamba ana presha. Akamtazama Mkaguzi, naye Mkaguzi akashika kiuno. Mkuu wa Wilaya alikuwa na sukari, Katibu alikuwa amekatazwa jua na daktari wake. Mtukufu alipitisha macho jukwaa zima, na hakupatikana mtu katika serikali yake yote aliyekuwa na afya ya kusimama mahali aliposimama mtoto mwenye homa.

Msafara uliondoka bila bendi. Watoto hawakuondoka. Waliambiwa watawanyike, wakatishwa, viboko vikapita kwenye miguu ya safu za nyuma. Walikaa vile vile mpaka wazazi wao, mmoja mmoja, walipoingia uwanjani na kusimama kando yao.

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba kompyuta ilikaa kimya kwa heshima ya Mtukufu. Hesabu ikarudishwa ya zamani, na Fikra za Kompyuta zikafutwa kwa kuwa ziligunduliwa kuwa na fikra. Ezra na wenzake wa mstari wa mbele walifukuzwa shule zote za nchi. Mtweve alishitakiwa kwa kuharibu mali ya taifa, na alipoulizwa ana la kusema alisema mali ile iliharibika siku ya kwanza, na hakimu akayaandika maneno hayo kama kukiri.

Mama Tulizo alikwenda kumwona gerezani. Alikuwa na chupa ya chai na vipande vya mihogo vilivyofungwa kwenye kitambaa alichokishona mwenyewe. Walikaa pande mbili za wavu.

"Hii chai si ya msamaha," alisema.

"Najua, mama."

"Ni chai tu."

Alimimina, akapitisha kikombe chini ya wavu. Alisubiri hadi mwalimu alipokunywa.

"Siku ile ya wageni sikwenda," alisema. "Sikuweza. Watu wananisimulia, kila mmoja lake. Wanasema watoto walimsubiri."

"Walimsubiri."

"Wote?"

"Wote, mama. Hata wale wadogo wa nyuma kabisa, ambao hawakuwa wakimjua vizuri."

Askari magereza aligonga wavu kwa funguo zake, akasema muda umekwisha. Mama hakugeuka. Alivuta kibao alichokalia, akasogea karibu zaidi.

"Anza mwanzo," alisema. "Walipangwaje? Nani alikuwa amesimama wapi?"

Mtweve akaweka kikombe chini, akaanza na safu ya nyuma.